Mwanamke Aliyewachukua Wote Mashambani

Nianze na hasira yangu, ili asiyependa kumsikia mwanamke akifoka ajiondokee mapema. Mimi ni Mechthild, na nimeendesha winchi ya klabu yetu miaka kumi na tisa. Winchi ndiyo inayozirusha ndege zetu, maana hazina injini. Inavuta waya mrefu, ndege inapaa kama tiara, rubani anaachia waya kisha anatafuta hewa ya moto inayopanda imbebe. Asipoipata, anashuka. Na kama yuko mbali na uwanja, anashukia shamba la mtu, penye ngano au penye ng'ombe, popote Mungu alipompangia.

Hapo ndipo ilipo desturi yetu moja isiyo na mjadala: aliyetua shambani anafuatwa. Inyeshe mvua, dada yako awe anaolewa, simu ikilia mtu anafunga trela nyuma ya gari na kwenda. Mkifika mnaifungua ndege mabawa, mnaiingiza kwenye trela, mnarudi nyumbani. Kwenye kanuni za klabu imeandikwa kwamba atakayekwenda ni mwanachama yeyote. Kwa miaka kumi na saba, huyo mwanachama yeyote alikuwa Gerlinde Hohmann.

Gerlinde alikuwa anauza nyama kwenye bucha ya mjini. Mikono ilikuwa ya kubeba nusu nguruwe bila kuhema, na akicheka wateja walicheka kabla hawajajua kinachochekesha. Aliletwa klabuni na mumewe, Reinhold, ambaye alikuwa rubani, na kwa mujibu wa Reinhold mwenyewe alikuwa rubani hodari. Huyo hodari Gerlinde alimchukua mashambani mara arobaini na moja. Nilikuwa nikihesabu. Alimtoa kwenye viazisukari vilivyolowa mvua, akamtoa kwenye malisho yenye fahali huku yeye Gerlinde ndiye anayemtishia fahali kwa koti lake, na mara moja akamtoa nyuma ya makaburi watu wakiwa wanazika. Na si Reinhold tu. Hakuna mwanamume pale klabuni ambaye hajawahi kukaa kwenye ukingo wa shamba, akitafuna unyasi, akiitazama barabara, mpaka akaona trela yetu nyeupe na Gerlinde kwenye usukani akipunga mkono. Wengine aliwabebea na sandwichi, na kila Jumapili keki aliyooka yeye ilikuwa mezani klabuni.

Sasa mwaka wa tisini na nne, kwenye mkutano wa klabu wa majira ya kuchipua, mwenyekiti alipouliza kama kuna la ziada, Gerlinde akainua mkono. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

"Nataka kujifunza kuruka," akasema.

Jamani, walicheka! Walicheka mpaka mmoja akamwaga bia. Volkmar Trabert, mwalimu mkuu wetu, mtu mwenye shingo fupi na maneno marefu, akajifuta machozi akasema, "Mama, na keki nani atatuokea?"

"Mtanunua."

"Na tukitua shambani je?"

"Mtatembea kwa miguu. Nasikia ni dawa ya kitambi."

Wakacheka tena, safari hii bila Volkmar. Kumkataa hawakuweza, kanuni hazikuwaruhusu. Reinhold alitikisa kichwa tu, akasema, "Mwacheni. Akishatapika mara mbili atarudi jikoni."

Hakutapika hata mara moja. Akajifunza kama wanavyojifunza wote: Jumamosi na Jumapili uwanjani toka asubuhi, kuvuta ndege kurudi mwanzo wa njia, kushika ncha ya bawa, kusubiri zamu yake ya dakika sita hewani, kusubiri tena. Msimu wa baridi akawa karakanani akipiga msasa mabawa mpaka vidole vikapasuka. Zamu za karakana vijana walizikwepa, yeye hakukosa hata moja. Na bado Jumapili keki ilikuwa mezani, na simu ikilia, trela ilikuwa nyuma ya gari. Niliwahi kumwambia, "Shoga, wewe ni mwanafunzi au ni punda?" Akanijibu, "Nikiacha watasema nimekuja kujitanua."

Volkmar ndiye aliyekuwa akimfundisha. Kuna zoezi moja ambalo lazima kila mwanafunzi alifanye kabla ya kuruka peke yake. Ndege ikiwa bado inapanda, pua iko juu, mwalimu ananiambia kwa redio nikate mvuto ghafla, kama vile waya umekatika. Mwanafunzi asipoinamisha pua mara moja, ndege inakosa mwendo na kuanguka. Vijana walifanya zoezi hilo mara nne, basi. Gerlinde alilifanya mara kumi na moja! Najua kwa sababu mkono uliokata mvuto ni huu wangu. Kila mara niliona pua ikiinama pale pale, bila kuchelewa, ndege ikatua taratibu. Na kila mara Volkmar aliteremka akisema, "Bahati." Mara kumi na moja bahati! Mtu akiwa na bahati ya namna hiyo akacheze bahati nasibu, asipoteze muda na Volkmar.

Mwishowe alimruhusu aruke peke yake, kwa kuwa visingizio vilimwishia. Mtihani wa nadharia Gerlinde alishaufanya mjini na kufaulu, ila matokeo ya mtihani ule yanaishi miaka miwili tu. Yake yalikuwa yanakufa tarehe thelathini Septemba, mwaka wa tisini na sita. Kabla ya siku hiyo ilimpasa amalize mambo mawili: aruke peke yake umbali usiopungua kilometa hamsini, na afaulu mbele ya mtahini. Akishindwa, anarudi mwanzo wa yote. Na daktari wa marubani alikwishamwambia kwamba jicho lake la kulia limeanza kufanya ukungu, cheti cha afya alichompa huenda kikawa cha mwisho. Kwa hiyo haikuwa habari ya mwaka kesho. Ilikuwa leseni sasa, au leseni basi.

Volkmar alilijua hilo kama ninavyolijua mimi. Mwezi wa Mei alimpa mpwa wake, Dietmar, ruhusa ya kilometa hamsini siku ya kwanza yenye jua. Gerlinde alipoomba, upepo ulikuwa mbaya. Akaomba Juni, mawingu yalikuwa chini. Akaomba Julai.

"Leo siwezi kukuachia, mama," Volkmar akamwambia. "Watu sita wanaruka mbali. Nani atakaa karibu na simu?"

Mimi nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu. Nikataka kusema neno, Gerlinde akanikanyaga mguu.

Tarehe ishirini na tano Agosti, Jumapili, Volkmar mwenyewe alikuwa hewani tangu saa tano. Mwalimu wa zamu chini alikuwa Egbert, mfanyakazi wa posta, mpole, mwenye kuogopa maneno ya watu. Gerlinde akamwendea na ramani.

"Egbert, mbingu inasemaje?"

Egbert akatazama juu. Mawingu madogo meupe, yale yanayoonyesha hewa inapanda, yalikuwa yamepangika mpaka mkoa wa Thuringia. Akakuna kichwa, akatazama tena, akatia saini haraka kabla hajabadili nia. Nikamrusha Gerlinde mimi mwenyewe saa sita na dakika ishirini, na nilipoona ameachia waya na kuanza kuzunguka akipanda, nilipiga kelele peke yangu ndani ya kibanda cha winchi.

Winchi iko mwisho wa uwanja, kilometa nzima kutoka pale penye simu na meza, wanapochomea nyama. Kwa hiyo nayaeleza yaliyofuata kama nilivyokuja kuyajua baadaye, na mengine niliyatoa kwa watu kwa ukali.

Gerlinde aliruka kilometa hamsini na nne. Alikuwa anaelekea uwanja ulio kilometa sitini, lakini wingu kubwa likaja likaziba jua, hewa ikafa. Akachagua shamba la shayiri lililokwisha vunwa karibu na kijiji cha Wolfsrode, akatua kwenye mabua bila kukwaruza chochote. Mwenye shamba, mama mmoja aitwaye Notburga, akamtilia saini karatasi ya ushahidi wa mahali na saa, akampeleka jikoni kwake, akampa kahawa na simu. Ilikuwa saa tisa na robo.

Simu ilipokelewa na Reinhold.

"Niko Wolfsrode," Gerlinde akasema. "Hamsini na nne! Reinhold, nimefika hamsini na nne!"

"Sawa," Reinhold akasema. "Nitakuja."

Egbert akauliza kulikoni, Reinhold akamwambia yeye ndiye atakwenda. Egbert akarudi kwenye wanafunzi wake. Reinhold akarudi kwenye kiti chake, na soseji zilikuwa zimeiva, na mtu akamfungulia bia.

Saa kumi na moja kasorobo Gerlinde akapiga tena. Safari hii Volkmar alikwishatua, na ndiye aliyepokea. Akakasirika kwanza kwamba aliruka bila yeye kujua. Kisha akasema, na haya aliyasema mbele ya meza nzima ili wacheke, "Umetua shambani mama, ndiyo urubani huo. Kaa hapo ujifunze subira." Akakata simu. Wakacheka. Reinhold naye alicheka! Mtu mmoja akasema jamani labda tumfuate, Reinhold akajibu, "Nimeshakunywa mbili. Na Gerlinde hawezi kupotea, njia zote za huko anazijua yeye."

Usije ukanitajia tenda wema nenda zako. Wema wa miaka kumi na saba ulikuwa umekaa kwenye mabua kule Wolfsrode, na watu kumi na wanne waliokula keki yake asubuhi ile walikuwa wanapaka haradali kwenye soseji.

Nilirudi kutoka kwenye winchi saa kumi na mbili. Nikaona trela iko mahali pake. Nikatazama huku na huku.

"Gerlinde yuko wapi?"

"Wolfsrode," mmoja akasema. "Anajifunza subira."

"Tangu saa ngapi?"

Nikamtazama Reinhold. Funguo za gari lake zilikuwa mezani kando ya sahani yake. Nikazichukua.

"Wee Mechthild, hilo ni gari langu!"

"Na yule ni mke wako. Kati ya hivyo viwili naona kimoja tu unachokililia."

"Huwezi kuifungua ndege peke yako," Volkmar akasema.

"Basi simama twende." Hakusimama. Nikawatazama mmoja mmoja, na kila niliyemtazama alikuwa na bia ya kumwokoa. Egbert alikuwa hewani na mwanafunzi wa mwisho. Nikafunga trela, nikaondoka.

Nilimkuta Gerlinde amekaa kwenye ukingo wa shamba pamoja na Notburga na mama mkwe wake Notburga, bibi wa miaka themanini mwenye mabuti. Aliponiona akasimama, akatazama nyuma yangu ndani ya gari, akaona viti vitupu. Hakuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya na sikupata nafasi. Tukaifungua ndege wanawake wanne, kila bawa lina uzito wa mtu mzima, yule bibi akishika mkia na kutuamrisha kama sajini. Njiani tulipokuwa tunarudi jua likizama, Gerlinde alisema jambo moja tu.

"Mimi nilikuwa nikiwafuata hata nikiwa na homa."

Ungedhani yameisha? Hayajaisha. Jumapili iliyofuata alimpelekea Volkmar karatasi yenye saini ya Notburga, ili athibitishe kilometa hamsini na kumwita mtahini. Volkmar akaisoma, akairudisha.

"Hukufika ulikokuwa unakwenda. Kutua shambani ni kushindwa."

"Dietmar alitua kwenye viazi Mei," Gerlinde akasema. "Kilometa hamsini na moja. Ukamtilia saini jioni ile ile, juu ya boneti ya gari. Mimi ndiye niliyekwenda kumtoa kwenye hivyo viazi."

"Ile ilikuwa tofauti."

"Tofauti gani, mwalimu?"

Volkmar akatazama saa yake. Tofauti gani! Mpaka leo nasubiri aitaje.

Septemba kumi na tano ikaja, na kwa miaka yangu yote pale sijawahi kuona mbingu nzuri kama ile mwezi wa tisa. Marubani walifika mapema, ramani mikononi, kila mmoja na ndoto yake ya kilometa mia tatu. Gerlinde akaja na keki ya plamu, ndogo, ya watu wawili. Akaketi kwenye benchi karibu na simu, akanikatia kipande, akakata chake.

"Sikilizeni," akasema. "Leo sichukui mtu."

"Ala!" rubani mmoja akasema. "Hata mtu akitua mbali?"

"Hata akitua Urusi."

"Haya, sisi tutachukuana," Reinhold akasema kwa sauti kubwa. "Kwani kazi gani?"

"Vizuri," mwingine akasema. "Basi wewe Reinhold baki karibu na simu."

"Mimi? Mimi nataka kuruka. Abaki Dietmar."

Dietmar naye alitaka kuruka. Wote walitaka kuruka. Wakatazamana, na nikaona wazi kila mmoja akikumbuka nani alikuwa amekaa kwenye meza ile siku ya Agosti. Hakuna aliyemwamini mwenzake. Walipaa, ndiyo, niliwarusha mmoja baada ya mwingine, lakini hakuna aliyethubutu kwenda mbali. Siku nzima, mbingu ikiwa imefunguka mpaka mpakani mwa Bohemia, mabingwa kumi na wawili walizunguka juu ya uwanja wao wenyewe. Nilikula keki yangu yote.

Jioni wakamzunguka Volkmar. Hawakusema habari ya haki, msidhani. Hakuna hata mmoja aliyesema mwanamke huyu amedhulumiwa. Walisema, "Volkmar, msimu unatuharibikia," na, "Tia saini tu, kitu gani hiki." Volkmar akatia saini, kalamu ikikaribia kutoboa karatasi. Kwa hiyo leseni ya Gerlinde haikutoka kwa wema wa mtu. Ilitoka kwa kuwa waliogopa kulala mashambani.

Mtahini alikuja Jumamosi tarehe ishirini na nane, siku mbili kabla ya mwisho. Alikuwa mtu mkavu kutoka mbali, Bwana Lüdecke, asiyemjua yeyote. Safari ya kwanza na ya pili zikaenda sawa. Ya tatu, ndege ikiwa imefika mita mia, redio ikaniambia, "Kata." Nikakata. Pua ikainama. Alitua mbele ya bendera kabisa, pale pale alipotakiwa. Bwana Lüdecke akateremka, akafungua daftari la safari la Gerlinde, akapekua kurasa.

"Mazoezi haya ya waya kukatika mbona mengi?" akauliza. "Ulikuwa na tatizo?"

"Mimi sikuwa nalo," Gerlinde akasema.

Akaigonga mhuri karatasi ya leseni, akampa mkono. Nililia, sioni haya kusema. Gerlinde hakulia. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili akalisoma jina lake, kisha akalisoma tena.

Sasa, kwetu rubani akipata leseni, klabu nzima inajipanga mstari. Rubani anainama, na kila mwanachama anampiga kofi la makalio, maana ndege hizi hewa inayopanda unaihisi kwa makalio kabla hujaiona kwa macho, kwa hiyo yanaamshwa. Mwisho anapewa shada la mibaruti yenye miiba, alishike bila glavu. Walikuja wote. Waliokuwa kwenye soseji walikuja, wameshakunja mikono ya mashati, wanacheka, wanatemea viganja mate. Volkmar akajiweka mbele kabisa kama mwalimu wake, akisema kwa Bwana Lüdecke, "Huyu nimemfundisha mimi." Reinhold alikuwa nyuma yake, shada mkononi.

Gerlinde akawatazama mstari mzima, watu ishirini na sita.

"Ngojeni," akasema. "Aliyekuja kunichukua Wolfsrode abaki kwenye mstari. Ambaye hakuja, atoke."

Wakacheka, wakidhani ni utani. Yeye alisimama tu, karatasi mkononi, hacheki. Egbert ndiye aliyeelewa kwanza, akavua kofia, akajitoa pembeni. Wakatoka wengine, mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta kitu mifukoni. Volkmar alitoka mwekundu mpaka masikioni, na Bwana Lüdecke akimwangalia.

Reinhold akabaki. "Hata mimi?" akauliza. "Hata mumeo?"

"Wewe wa kwanza."

Akatoka, na shada lake, miiba ikimchoma, hajui ampe nani.

Nikabaki mimi peke yangu kwenye nyasi. Gerlinde akanigeuzia mgongo, akainama, akashika magoti.

"Haya, Mechthild," akasema. "Na usinionee huruma."

Sikumwonea. Nilimpiga kofi moja la mkono mzima, na waliosimama kule pembeni wote walilisikia.